Sauti Inayokuja Nyuma ya Picha

Picha ya Ndege, Kibaha
8 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai na mguu umekubali kukufikisha barazani. Shikamoo ya Mama imo humu humu, mgawie. Mimi mzima. Kazi ya kupima maji huku Ruvu inaendelea, na mchumba wangu Abdulaziz anawasalimu wote.

Hussen wa mananasi, akija huko na gari lake, atakukabidhi boksi. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, ukubwa wake ni kama mche wa sabuni uliokatwa nusu. Waya mmoja unaingia nyuma ya TV, mwingine kwenye umeme, na rimoti yake imo. Humo ndani kuna kanda zako. Lile gunia la chini ya kitanda ulilouliza limekwenda wapi, nililichukua mimi siku ya Idi. Fundi mmoja wa Kwa Mathias amezihamisha. Chache zilikuwa na ukungu, zimekufa. Nyingi zimepona.

Nakwambia sababu. Tangu ulipopata kiharusi mwezi wa tatu hujataka kujaribu kusema. Yule mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alitushauri usikilize maneno uliyoyazoea, kisha uyatamke pamoja na sauti unayoisikia. Nikajiuliza, ni maneno gani umeyazoea kuliko yako mwenyewe? Miaka yote ile ya banda la video ulikaa pembeni ya TV na maikrofoni, ukiwatafsiria watu picha za Kihindi na za Kichina, huku ukijirekodi. Sauti yako imo mle, nzima.

Ndoa ni tarehe 30 Novemba. Nataka niozeshwe na baba yangu, kwa mdomo wake. Sina ombi jingine la harusi hii. Hata sare za akina shangazi wachague wenyewe.

Mwanao,
Firdausi


Kisarawe
15 Septemba 2024

Mwanangu Firdausi,

Marahaba. Ya mama yako nimemgawia. Mguu unakwenda. Mkono wa kulia bado. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo maneno yatakuwa machache. Usinipigie simu. Mama yako akishika simu ananijibia na yale ambayo sikuyasema.

Boksi limefika salama. Hussen aliunga nyaya. Picha inatoka na sauti inatoka. Tatizo ni hili. Baada ya kama nusu saa picha inaanza kukwama. Inasimama, inaruka, inasimama tena, kisha TV inakuwa nyeusi. Mama yako akizima na kwenda kupika, akirudi inawaka vizuri. Akizima na kuwasha hapo hapo, haikai.

Haya nimeyapata kutoka barazani. Mimi sijaangalia. Sauti ile ni ya mtu mwingine sasa. Usikasirike.

Kuhusu ndoa, nimemweka baba yako mdogo Maulidi awe wakili wangu. Sheikh amesema inafaa. Nilitikisa kichwa mbele ya mashahidi wawili. Maulidi ameshashona kanzu na anaivaa kuijaribu. Majirani wanadhani ni yeye anayeoa.

Baba yako


Picha ya Ndege
21 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na Mama pia. Huku mvua imepiga siku mbili, maji ya mto yamekuwa ya kahawia na sisi tunashinda na chupa za vipimo. Afya yangu njema. Ninyi je, usingizi wa usiku umerudi?

Maelezo yako yamenisaidia sana. Kama ingekuwa inakwama tangu mwanzo, ningesema faili ni zito. Kama ingekwama mahali pale pale kila siku, ningesema kanda ina jeraha. Kukwama baada ya nusu saa, na kupona ikipumzika, ni joto. Naomba uniangalizie mambo matatu. Kiguse kikiwa kimewaka: unaweza kuacha kiganja juu yake? Kimewekwa wapi? Na je, kuna kitu chochote juu yake? Yale matundu ya juu na ya ubavuni ndiyo njia yake ya hewa.

Kuhusu Baba Mdogo, sijakasirika. Ila kanzu mpya inaweza kuvaliwa na mtu aliyekaa tu na kusikiliza.

Mwanao,
Firdausi


Kisarawe
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usingizi umerudi nusu. Mama yako anakoroma nusu nyingine.

Majibu. Kiganja hakikai, kinaungua. Kimewekwa kwenye kabati la TV. Juu yake palikuwa na kitambaa, kile cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kilichokuwa kinafunika TV ya zamani. Juu ya kitambaa palikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

Nilimwandikia mama yako karatasi: KINAPUMUA, KITOE. Alisoma, akasema kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni, wageni watatuonaje. Akauliza mbona friji lina kitambaa miaka yote na halijafa. Nikakitoa mwenyewe. Sasa kimekunjwa juu ya redio.

Tangu siku hiyo picha inakwenda mpaka mwisho bila kukwama. Kazi nzuri.

Mama yako ana lalamiko jingine, la sauti. Atakupigia mwenyewe. Mimi nilikuwa nje.

Baba yako


Picha ya Ndege
12 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Kitambaa kimenichekesha mpaka wenzangu wa maabara wakauliza kulikoni. Wote wakakiri kwao kipo. Natumaini hamjambo, na lile joto la Kisarawe limepungua.

Mama alinipigia. Alisema, "Mwanangu, baba yako anachelewa. Yule steringi wa picha anafungua mdomo, anaufunga, anatazama pembeni, ndiyo sauti ya baba yako inafika." Nikaangalia nakala zangu hapa nyumbani, nikaona ni kweli. Mwanzoni nilimwelekeza kwa simu arekebishe kwa rimoti. Alibonyeza mpaka maandishi yote ya kwenye TV yakawa ya Kichina. Kama wiki ile mlikuwa mnaishi Uchina, ni mimi.

Nikaamua kurekebisha faili zenyewe. Ni tatizo la kawaida kanda zikihamishwa, sauti na picha hupishana. Bahati nzuri wewe ulirekodi kwa utaratibu: sauti ya picha upande mmoja, yako upande wa pili. Kwa hiyo nimeweza kuichukua yako peke yake na kuisogeza mbele, sentensi baada ya sentensi, mpaka ikakaa juu ya midomo yao. Kila nikitoka kazini ndiyo kazi yangu. Nimemaliza picha tatu, zimo kwenye flashi hii. Mama achomeke ubavuni, mahali pa chini.

Sasa unasema pamoja nao, kama mtaalamu alivyotaka. Baba, jaribu moja tu. Siku ambayo Mama hayupo, ukiwa peke yako, hata kwa kunong'ona.

Mwanao,
Firdausi


Kisarawe
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka kwanza kuhakikisha. Nakupa taarifa kama ilivyotokea.

Jumatano baada ya alasiri nilikuwa barazani. Mama yako alikuwa sebuleni anapepeta mchele, picha inakwenda. Ni ile ya ndugu waliopoteana utotoni. Naijua. Steringi anagonga mlango. Mama mzee anafungua. Hamjui. Wanatazamana. Hapo bandani watu walikuwa wanaacha kutafuna karanga. Kisha steringi anamwita mama yake kwa Kihindi. Kisha mimi natafsiri. Ndivyo ilivyo.

Sasa nikasikia sauti yangu inasema "Mama, ni mimi" sawia na ya steringi, moja juu ya nyingine, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Yeye hakusikika. Mimi sikusikika.

Niliinuka. Fimbo niliiacha kwenye kiti. Nilifika mlangoni nikasema, "Bado!"

Lilitoka zima. Mama yako aliangusha ungo. Mchele tumeula na mchanga wake. Aliniuliza, "Umesema nini, Baba Firdausi?" Nikasema tena, "Bado." La pili halikuwa zuri kama la kwanza, lakini lilikuwa neno.

Sikiliza, Firdausi. Sauti haikuwa mbovu. Ilichelewa kwa sababu mimi nilichelewa, na nilichelewa kwa makusudi. Mtafsiri hasemi pamoja na steringi. Anamwacha aseme kwanza kwa lugha yake. Anawaacha watu waone uso wake. Kisha anafuata. Mama mzee pale mlangoni anahitaji nafasi ya kumtambua mwanawe, na watu bandani wanahitaji nafasi hiyo hiyo. Ukiwahi, umewanyang'anya wote. Walikuwepo watafsiri waliowahi. Mabanda yao yalikuwa na kelele. La kwangu lilikuwa na kimya mahali pa kimya.

Si kosa lako. Hukuwahi kukaa mle ndani, wala mama yako. Nilikataza mimi. Wewe uliishia mlangoni na bakuli la chakula changu.

Naomba zile za mwanzo. Uliziacha?

Baba yako


Picha ya Ndege
2 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba. Sitauliza afya, umeshanieleza.

Barua yako niliisomea kituoni Kwa Mathias, pembeni ya lundo la mananasi. Nilipofika kwenye "Bado" nikairudisha barua kwenye bahasha, nikaitoa, nikaanza upya. Hussen akaniuliza, "Dada, nyumbani kwema?" Nikamwambia baba amemfokea steringi. Akasema, "Basi amepona huyo," akanipa nanasi.

Ni kweli sikuwahi kuingia. Nilikuwa nasimama nyuma ya bati na bakuli, nasikiliza. Nilikujua kwa sauti tu, bila picha. Yale matuo yako nilidhani unakunywa maji.

Zile za mwanzo ninazo zote, sikufuta hata moja. Zimo kwenye flashi hii. Zile tatu nilizotengeneza mimi zitupe, au mwachie Mama azitumie kukuitia ndani.

Sasa nisikilize na mimi. Nimekuwa nikikushauri useme pamoja na sauti, na wewe kazi yako yote ilikuwa kumwacha mwingine aseme kisha ufuate. Nimekumbuka ndoa ya binamu yangu Swaumu. Sheikh alikuwa anamtamkisha baba yake: anasema kipande, ananyamaza, baba yake anafuata. Kipande, kimya, kipande. Yule mzee hana ugonjwa wowote, ni utaratibu tu. Baba, si ndiyo kazi yako ile ile? Sheikh aseme. Mwache amalize. Chukua nafasi unayoitaka. Kisha fuata. Hakuna mtu mle msikitini atakayerusha karanga.

Baba Mdogo akae kulia kwako na kanzu yake.

Mwanao,
Firdausi


Kisarawe
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mguu mzuri. Mkono wa kulia umeshika kikombe, kitupu.

Kila asubuhi nakaa mbele ya TV. Nimepata namna ya kufanya. Steringi anasema. Mimi wa kwenye kanda natafsiri. Nabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha mimi wa sasa nasema. Tuko watatu na hatuwahiani. Mama yako anatuletea chai ya mtu mmoja.

Matokeo. Nikianza mwenyewe, halitoki neno. Nikifuata, linatoka, si mara zote. Maneno ya ndoa nimeyafanyia mazoezi mbele ya mama yako, yeye akiwa sheikh. Amejipa cheo hicho na hataki kukirudisha. "Nimekuozesha" linatoka. "Binti yangu" linatoka. Jina lako linakwama. Linakwama pale pale kila siku, kati ya F na R. Kwa hesabu yako ya zamani, hilo si joto. Ni jeraha la kanda yenyewe.

Nilimwandikia Sheikh. Anasema si lazima jina litamkwe na mimi, mradi anayeozeshwa anajulikana, na binti ninaye mmoja. Nimemjibu kwamba mimi nataka kulitamka. Amekubali kunitamkisha taratibu. Maulidi ameambiwa. Nikishindwa, yeye ataendelea pale nilipoishia. Alilia kidogo, akasema ni sawa kabisa, kisha akauliza kama kanzu inaonekana vizuri mtu akiwa amekaa.

Usinitegemee. Njoo tu uolewe.

Baba yako


Picha ya Ndege
15 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza nakuandikia nikiwa mke wa mtu, na naona mwandiko ni ule ule. Hatujambo. Abdulaziz anasema shikamoo na anauliza tena siri yenu ya kupika mihogo ya nazi. Mama amefika salama? Alivyoondoka hapa na mabakuli yote yale nilihofia basi litainama upande.

Nakuandikia kwa sababu ya video ya harusi. Anselmi, yule mpiga picha, alinipigia simu juzi akiwa anaihariri. Akaniambia, "Dada, kuna tatizo kidogo kwenye ndoa. Sheikh akishasema jina lako, sauti inakatika. Nadhani maiki ya mzee ilizima, halafu ikawaka. Niikate hapo, niunganishe? Haitajulikana."

Nikamwambia asikilize tena, sauti ikiwa juu, anieleze anasikia nini katika kile kimya. Akasikiliza. Akasema, "Nasikia feni. Kuna mtu anakohoa. Kuna jogoo, mbali." Nikamwambia maiki iliyozima haisikii jogoo. Haijaharibika kitu. Usikate.

Unajua mimi sikuwepo msikitini. Nilikuwa chumbani na wanawake, nyumba iliyopakana na msikiti, tunasikia kwa spika tu. Nilikuwa tena nyuma ya bati, Baba, nasikia bila picha. "Nimekuozesha," nikakusikia. "Binti yangu," nikakusikia. Sheikh akasema jina langu, kisha hakuna kitu. Mama alinishika kifundo cha mkono, hina ikiwa haijakauka vizuri, alama ya vidole vyake nilitembea nayo harusi nzima. Shangazi mmoja alinong'ona, "Maulidi amalizie jamani." Mama hakumgeukia. Alisema tu, "Bado."

Jana ndipo nimeona picha ya kimya kile. Unatazama mkeka. Baba Mdogo anakuinamia, mdomo ameshaufungua akusaidie. Wewe hugeuki, unainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Anaufunga. Sheikh anasubiri, Abdulaziz hapepesi macho. Kisha unalisema. F ni nzito na R imebaki njiani, lakini ni jina langu, na nimeitwa hivyo na wewe.

Wanawake wakapiga vigelegele hapo hapo, hawakumsubiri hata Abdulaziz akubali. Wamemwahi. Kwenye video anasikika akisema "nimekubali" chini ya kelele zao kama mtu aliye kisimani. Hapo Anselmi aliuliza kama apunguze vigelegele. Nikamwambia aache.

Flashi anayo Hussen. Iko kama ilivyotokea.

Mwanao,
Firdausi


Kisarawe
22 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na ya mumeo pia. Mama yako alifika salama. Bakuli moja lilivunjika, analiombolezea.

Video tumeiona. Sauti imekaa mahali pake. Mwambie Anselmi picha ni nzuri na asihofu kimya. Maulidi amekuja kuiangalia kila jioni. Anapenda pale anapofunga mdomo. Anasema kanzu imetokea.

Nilidhani nilikaa muda mrefu zaidi pale. Kwenye picha ni mfupi. Bandani nilikuwa nachukua zaidi.

Jambo moja la kiufundi. Jana picha ilianza kukwama tena, katikati ya harusi, wewe ukiwa unatolewa nje. Nilikwenda kuangalia. Kitambaa kimerudi, na chombo cha maua juu yake. Mama yako anasema sasa humo ndani kuna harusi ya mtoto, haiwezi kukaa wazi kama tofali.

Nilimwambia akitoe. Amekitoa.

Karatasi na kalamu vilikuwa mbali. Nilimwambia kwa mdomo.

Baba yako